Gari limeoshwa lakini halivutii: soma dalili kabla ya kushika polishi

Mtu akiamua gari lake lionekane la maonyesho, kwanza anaenda dukani. Ananunua polishi ya chupa, waksi ya kopo, dawa ya tairi na sponji mbili. Jumamosi anazimalizia zote juu ya boneti, Jumapili jua likipiga anakuta tatizo lipo palepale, pengine limezidi. Polishi haiondoi chokaa iliyoganda. Waksi haiondoi mikwaruzo, inaifunika tu kwa wiki chache. Na hakuna kitu cha kwenye chupa kinachorudisha klia, lile tabaka la juu kabisa la rangi, ikishabanduka.

Haya nayaandika nikifikiria Dar es Salaam na Pwani kwa jumla: maji ya kisima yenye chumvi, jua la saa saba, miembe yenye popo, na fundi wa mageti anayekata vyuma hatua chache kutoka ulipoegesha. Anayejiandaa kwa Concours d'Elegance ya Nairobi, mashindano ya magari yaliyotunzwa yanayoandaliwa na klabu ya wamiliki wa Alfa Romeo, na anayetaka tu gari la kumbeba bibi harusi, matatizo yao ni yaleyale. Tofauti ni kwamba jaji wa Nairobi atakagua mpaka chini ya gari na ndani ya buti, shangazi wa bwana harusi hatainama.

Kwanza ujue tatizo liko tabaka gani

Rangi ya kiwandani ina matabaka: juu ya bati kuna praima, juu yake rangi yenyewe, na juu kabisa klia, lile tabaka lisilo na rangi linaloleta mng'ao. Yote kwa pamoja huwa mikroni 100 hadi 150 hivi, na klia peke yake kama 40 hadi 50. Karatasi ya fotokopi ya gramu 80 ina unene wa mikroni 100 hivi. Kwa hiyo unachokisugua ukipiga bafu (kusugua klia kwa polishi mpaka ing'ae) ni nusu ya unene wa karatasi, na kila unachokitoa hakirudi.

Ndiyo maana swali la kwanza kwa kila doa ni moja: liko juu ya klia, limo ndani ya klia, au limeshafika chini yake? La juu linaondolewa kwa kuosha au kuyeyusha. La ndani linaondolewa kwa kusugua klia kidogo mpaka usawa wake ufanane. La chini ni kazi ya fundi rangi.

Kujua hakuhitaji mashine. Osha sehemu hiyo vizuri, kausha, kisha pitisha ncha ya ukucha taratibu kukata alama. Ukucha ukikwama, mkwaruzo ni wa kina na bafu ya nyumbani haitaumaliza salama. Usipokwama, lowesha sehemu hiyo kwa maji. Alama ikipotea ikiwa mbichi na kurudi ikikauka, imo ndani ya klia, maji yameijaza kwa muda. Hiyo inapona. Isipopotea hata ikiwa na maji, ama kuna kitu kimeganda juu, ama kidonda kimefika kwenye rangi.

Kipimo kingine ni cha magari ya zamani, ambayo mengi hayana klia kabisa. Sugua polishi kidogo pembeni, mahali pasipoonekana, kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kikitoka na rangi ya gari, unasugua rangi yenyewe. Si kosa, ila uende polepole zaidi, hasa kwenye kingo ambako rangi huwa nyembamba.

Na kama gari lilinunuliwa likiwa limetumika, chukua sumaku ndogo ya kubandika kwenye friji, iviringishie kitambaa laini, uipitishe milangoni na kwenye matao ya matairi. Mahali inapolegea ghafla kuna puti nene chini, ile inayojazwa kusawazisha bati lililobonyea. Rangi ya hapo ilipulizwa gereji, na hujui fundi aliweka klia ya unene gani, kwa hiyo hapo usiingie na mashine kwa kujiamini. (Boneti nyingine ni za aluminiamu, sumaku haishiki kabisa. Usitoke mbio kumdai aliyekuuzia.)

Dalili: juani kunaonekana mistari ya mviringo kama utando wa buibui

Hii ndiyo kubwa kuliko zote, na magari meusi ndiyo yanayoumbuka zaidi. Gari kivulini linapendeza, likitoka juani au chini ya taa ya kituo cha mafuta linaonekana limesuguliwa kwa steel wire.

Chanzo karibu kila mara ni uoshaji. Kitambaa kimoja, mara nyingi kipande cha fulana kuukuu, kinaanzia kwenye rimu, kinapanda mlangoni, kinamalizia kwenye paa, kikirudi kwenye ndoo moja ambayo chini yake mchanga umetulia. Sabuni ni ya unga, ile ya kufulia, na chembe zake zisizoyeyuka zinasugua pamoja na mchanga. Halafu kuna ile tabia ya kupangusa vumbi kavu asubuhi kabla ya kwenda kazini. Tazama kijana akifuta gari kavu kwenye maegesho: kitambaa kinaacha njia nyeusi inayong'aa, vumbi linasukumwa mbele yake, na kila punje ya mchanga wa silika iliyomo ni ngumu kuliko klia.

Usianze na bafu kabla hujabadilisha uoshaji, la sivyo utakuwa unatoa klia kila baada ya miezi michache kufuta alama unazoziweka mwenyewe. Mwagia gari zima maji kwanza, kuanzia juu, mpaka mchanga ushuke bila kuguswa. Ndoo ziwe mbili, moja ya shampuu ya gari na moja ya maji matupu ya kusuuzia kitambaa kila unapomaliza paneli. Rimu na matao ya tairi yawe na ndoo na brashi yake, na brashi hiyo isikaribie mlango. Anza paa, vioo, boneti, milango kwa juu, na chini kabisa mwisho. Osha kwa mistari iliyonyooka. Hata ukikwaruza, mstari ulionyooka hauonekani haraka kama wa duara.

Ukishakuwa na nidhamu hiyo, ndipo upige bafu. Kwa mkono, kwa polishi nyepesi na sponji, utapunguza alama ndogo, lakini gari zima kwa mkono ni mateso na matokeo hayatalingana. Mashine inayofaa mtu wa nyumbani ni ile inayotikisika huku ikizunguka, kwa sababu ukiibana sana inaacha kuzunguka kabla haijachoma rangi. Nimeona watu wakifunga sponji kwenye grainda ya kukatia vyuma. Grainda ndogo inazunguka kama mara 11,000 kwa dakika, wakati mashine ya bafu ya kuzunguka hufanya kazi kati ya 600 na 3,000. Kwenye ukingo wa mlango grainda inamaliza klia kabla hujasema neno.

Bandika tepu ya karatasi kwenye kingo zote, kwenye plastiki na mipira ya vioo. Chagua eneo la sentimita 50 kwa 50, weka polishi nyepesi kuliko zote ulizonazo, pita mara nne ukivuka njia zako, futa, angalia kwa tochi ya simu. Imetosha? Endelea na gari zima hivyohivyo. Haijatosha? Hapo ndipo unaongeza ukali, kwa sponji ngumu zaidi au kompaundi, yaani polishi kali. Wengi wanaanza na kompaundi kali kwa sababu wana haraka, na haraka hiyo wanailipa kwa klia. Mkwaruzo mmoja wa kina ulioachwa ni bora kuliko klia iliyotoboka. Hata magari ya maonyesho yanayo.

Dalili: bafu imekwisha, gari liling'aa, baada ya kuoshwa mara mbili mikwaruzo imerudi

Haijarudi, haikuondoka. Polishi nyingi zina mafuta yanayojaa ndani ya mikwaruzo na kuificha. Ukimaliza eneo la majaribio, lifute kwa spiriti iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, ndipo uamini unachokiona. Jaribu kwanza mahali pa kujificha kama gari limewahi kupulizwa rangi gereji, kwa sababu rangi zingine za bei nafuu hulainika kwa spiriti.

Kama unachokiona ni mawimbi yanayocheza na mwanga, yanafuata njia iliyopita mashine, hiyo ni alama ya mashine ya kuzunguka iliyotumiwa na sponji chafu au ya manyoya, na kazi ikaachwa bila hatua ya mwisho. Dawa yake ni sponji laini safi na polishi ya kumalizia. Sponji isafishwe kwa brashi kila paneli. Sponji iliyojaa polishi iliyokauka ni msasa.

Dalili: madoa meupe ya mviringo yasiyotoka kwa kuosha

Sisi wa maji ya kisima tunayajua haya. Tone la maji likikauka juani linaacha kila kilichokuwemo: chumvi, chokaa, magnesi. Ukiliosha tena kwa maji yaleyale, unaongeza tabaka. Kadiri yanavyokaa ndivyo yanavyoganda, na mwishowe yanachimba klia.

Anza na siki nyeupe ya dukani, ambayo kwa kawaida ina asidi ya asetiki ya asilimia 5 hivi. Ichanganye na maji nusu kwa nusu, loweka kitambaa cha maikrofaiba, kilaze juu ya madoa kwa dakika moja au mbili, kivulini, bati likiwa limepoa. Usisugue, inua na usuuze kwa maji mengi. Madoa yakiwa yametoka, ilikuwa chokaa ya juu. Yakibaki duara zenye ukingo na kishimo katikati, klia imeshaliwa na hapo panahitaji polishi. Siki nayo inapunguza waksi, kwa hiyo paneli uliyoitibu uipake upya. Usiiache ikauke, na usiitumie kwenye mawe ya marumaru ya kibaraza, yataliwa.

Vioo vina hadithi yao. Madoa ya zamani kwenye kioo siki haiyatoi, yanahitaji polishi maalumu ya kioo na uvumilivu wa bega. Steel wire usiiguse, hata kama jirani anaapa kwamba ile laini kabisa haikwaruzi.

Kuzuia ni rahisi kuliko kutibu. Osha saa kumi na mbili asubuhi au baada ya saa kumi jioni. Paneli unayoosha isikauke kabla hujafika upande wa pili, kwa hiyo rudia kumwagia gari lote maji. Ndoo ya mwisho ya kusuuza iwe ya maji laini. Mvua ni bora, ukiwa na bati safi na tangi. Ila watu wengi wanayo maji hayo na wanayamwaga kila siku: yale yanayodondoka kwenye bomba la kiyoyozi cha ukutani. Ni mvuke ulioganda, karibu hayana madini kabisa. Kinga kwa ndoo safi, chuja kwa kitambaa, na kiyoyozi kimoja kinachofanya kazi usiku kucha katika unyevu wa Dar kitakujazia lita za kutosha kusuuza gari dogo. Kisha kausha kwa taulo kubwa la maikrofaiba, ukililaza na kulivuta bila kulikandamiza.

Kama umekausha vizuri na bado kuna michirizi chini ya vioo vya pembeni na vitasa baada ya nusu saa, ni maji yaliyojificha ndani. Fungua na ufunge milango, fungua buti, gonga vioo vya pembeni kwa kiganja, piga blowa au zungusha gari mtaani kidogo, halafu rudi na taulo la pili.

Dalili: gari safi, lakini ukilipapasa linakwaruza kiganja

Vaa mfuko mwepesi wa plastiki mkononi, upitishe juu ya boneti iliyooshwa na kukaushwa. Mfuko unakuza kila kipele. Ukisikia vipunjepunje, kuna vitu vimejichomeka kwenye klia na shampuu haiviwezi.

Ni vitu gani inategemea unapoegesha. Vidoa vya kahawia au vya machungwa kwenye gari jeupe ni chuma: cheche za grainda ya fundi mageti, vumbi la pedi za breki. Kimetua cha moto, kikazama, sasa kinapata kutu. Hapo kuna dawa ya kupuliza inayoyeyusha chuma, unaijua kwa sababu inageuka zambarau inapokutana nacho na inanuka vibaya mno. Puliza kivulini, subiri dakika chache, isikauke, suuza. Vitone vya rangi ni vya jirani aliyepuliza geti lake upepo ukivuma kwako. Vidoa vyeusi nyuma ya matairi ni lami. Lami inalainika kwa mafuta ya taa kidogo kwenye kitambaa, halafu unaosha kwa sabuni papo hapo ili mafuta yasibaki. Saruji ni mbaya. Tumia siki mara nyingi kwa awamu, usibandue kwa ukucha.

Kilichobaki kinaondolewa na udongo maalumu wa kusafishia rangi, kile kipande kinachokandika kama cha watoto cha kuchezea. Unalowesha paneli kwa maji ya shampuu mengi, unateleza nacho bila kubana, unakikunja kila kikichafuka. Kikidondoka chini, kitupe. Hakuna kukiosha, mchanga umeshaingia. Jua pia kwamba udongo huu unaacha alama nyepesi zake, kwa hiyo utumie pale tu unapokusudia kupiga polishi baadaye.

Dalili: doa lenye umbo la kinyesi cha ndege, limebaki baada ya kinyesi kutoka

Asidi ya kinyesi ni nusu ya kisa. Nusu nyingine ni joto. Klia ikipata jua inalainika na kutanuka, kinyesi kinakauka juu yake, jioni klia inapopoa inajikunja kwa kufuata umbo la kile kigumu kilichoishikilia. Ndiyo maana cha asubuhi kikifutwa saa mbili hakiachi kitu, kikikutwa saa kumi jioni kinaacha ramani.

Weka chupa ya maji na kitambaa kwenye gari. Lowesha, laza kitambaa kibichi juu kwa dakika tano hadi kumi, inua. Kusugua kinyesi kikavu ni kusugua mchanga, maana ndege hula na changarawe. Popo wa matunda wao wanaacha doa la zambarau au la kahawia kutokana na walichokula, nalo hupungua kwa siki au polishi nyepesi. Utomvu wa mwembe unalainishwa na spiriti.

Ramani iliyobaki uipige polishi mara mbili, tatu. Ikiwa klia ya hapo imepasukapasuka, simama.

Dalili: taa za mbele zimekuwa za njano

Taa za sasa ni plastiki ya polikaboneti iliyopakwa tabaka la kuzuia mionzi ya jua. Tabaka hilo likichoka, plastiki inaungua. Kwanza hakikisha unjano uko nje: sugua kidogo kwa dawa ya meno pembeni. Pakichangamka, ni nje. Pasipobadilika, au kuna matone ya maji kwa ndani, tatizo ni la ndani na msasa hautasaidia. Angalia mpira wa taa na tundu lake la kupumulia.

Dawa ya meno kama tiba ndiyo inayopendwa mitaani, na kweli taa inang'aa jioni hiyo. Ila umeondoa kinga iliyobaki bila kuweka nyingine. Kupaka dawa ya mbu, ambayo nayo nimeiona ikisifiwa, ni kuyeyusha plastiki: kiambato chake cha DEET kinashambulia plastiki nyingi, na kikitiririkia kwenye bampa utapata tatizo la pili.

Kazi kamili ni msasa wa maji namba 800 au 1000, kisha 1500, 2000, 3000, kila namba ikisuguliwa kukata njia ya iliyotangulia mpaka alama zake ziishe. Taa itaonekana imeharibika kabisa ukiwa namba 1500, endelea tu. Malizia kwa polishi, futa kwa spiriti, halafu paka kinga ya mionzi. Bila hiyo hatua ya mwisho utarudia baada ya miezi michache. Ukitumia klia ya makopo mawili yenye hadina (dawa ya kuikaza), jua ina kemikali za isosayaneti. Barakoa ya kitambaa haizuii, na chumba kilichofungwa si mahali pake. Hiyo mimi humwachia fundi rangi mwenye vifaa.

Dalili: plastiki nyeusi zimepauka, au zina weupe pembeni

Weupe wa mabaka kando ya bampa na chini ya vioo ni waksi iliyokauka. Mswaki laini, sabuni ya vyombo na maji ya uvuguvugu, imekwisha, na safari ijayo tumia tepu. Mpauko wa jumla ni jua, na hapo mafuta ya kupaka yanadumu mpaka mvua ya kwanza. Kama ni la maonyesho, nunua rangi maalumu ya kurudishia plastiki, au paka siku ileile na ufute ziada mpaka kitambaa kitoke kikavu.

Tairi za kahawia zinawashangaza watu waliozisugua jana. Ndani ya mpira kuna kemikali ya kuukinga usipasuke, nayo inapanda juu taratibu na kubadilika rangi. Sugua kwa brashi na sabuni mpaka povu litoke jeupe, kausha kabisa, paka dawa ya tairi safu nyembamba, subiri, pangusa. Safu nene ndiyo inayorukia milango ukianza kuendesha. Dizeli na oili chafu zinaipa tairi weusi wa siku moja na kuulainisha mpira, achana nazo. Rimu zilizopolishiwa za aluminiamu zisiguswe na dawa za asidi. Zinaingia ukungu mweupe ambao haufutiki.

Dalili za ndani

Harufu ya uvundo haiondoki kwa manukato ya kuning'iniza, unapata uvundo wenye vanila. Inua kapeti ya upande wa abiria wa mbele na ubane karatasi ya tishu kavu chini yake. Ikilowa, mara nyingi bomba la kutoa maji ya kiyoyozi limeziba na maji yanaingia ndani. Zibua, toa kapeti, anika siku nzima. Ikiwa kavu, toa chujio la hewa la kabini, ambalo kwenye magari mengi ya Kijapani liko nyuma ya kile kisanduku cha mbele ya abiria. Utakalolikuta humo, majani, nzi, pengine manyoya, litajibu swali.

Siti zilizosafishwa zikatoa miduara ya kahawia zilikunywa maji mengi. Uchafu wa ndani ya sponji unapanda na unyevu na kubaki pale maji yanapokaukia. Rudia paneli nzima ya siti, kuanzia mshono hadi mshono, kwa povu zaidi kuliko maji, vuta kwa mashine ya kunyonya, kausha kwa feni milango ikiwa wazi.

Kioo cha mbele kina ukungu usiofutika? Ni mafuta yanayofuka kutoka kwenye dashibodi, hasa iliyopakwa dawa ya kung'arisha yenye silikoni. Futa dashibodi kwa kitambaa kibichi mpaka irudi kwenye mwonekano wake wa asili usiong'aa. Kioo futa kwa vitambaa viwili, kimoja kibichi na kimoja kikavu. Kwa ndani futa kwenda juu na chini, kwa nje kushoto na kulia. Mchirizi ukibaki, mwelekeo wake utakuambia uko upande gani. Penye tinti ya kubandika usitumie dawa ya kioo yenye amonia.

Dashibodi inayonata yenyewe, hata bila kupakwa kitu, ni plastiki iliyovunjika kwa joto. Kuifuta kunazidisha. Inabadilishwa au kufunikwa.

Dalili: magamba meupe yanabanduka juu ya paa

Klia imekufa. Maji hayaifichi, polishi inapanua kidonda, waksi inaingia kwenye kingo zake na kuziweka wazi zaidi. Osha, usiguse, peleka paneli nzima ikapulizwe. Pesa uliyotaka kununulia kompaundi iweke kwenye hiyo.

Injini na mahali jaji anapotazama

Injini iwe baridi. Funika altaneta, mdomo wa kuingizia hewa na boksi la fyuzi kwa mifuko, nyunyiza sabuni, sugua kwa brashi, suuza kwa maji ya taratibu. Mashine ya presha inasukuma maji kwenye viunganishi vya umeme, na asubuhi gari halitawaka. Kupuliza dizeli ili ing'ae kunaacha utando unaonasa vumbi na kulainisha mipira, achilia mbali hatari ya moto.

Halafu pitia sehemu ambazo hakuna anayeziosha: bawaba za milango, mfuniko wa tangi la mafuta na kisahani kinachouzunguka, mfereji wa mpira wa buti, chini ya tairi la akiba, ncha ya egzosi, vijiwe vilivyokwama kwenye matundu ya tairi. Gari lenye boneti kama kioo na bawaba nyeusi za grisi linaonekana limepakwa, halijasafishwa.

Siku yenyewe, vumbi la njiani

Utafika na vumbi jembamba. Usitoe mfagio wa manyoya, usipanguse kavu. Puliza dawa ya kuteleza, ile ya kusafishia bila maji, kwa wingi, acha sekunde kadhaa, pitisha taulo safi lililokunjwa mara nne upande mmoja tu, geuza upande mwingine. Kwa gari moja beba taulo nane hivi, zilizofuliwa peke yake bila dawa ya kulainisha nguo. Moja likidondoka kwenye nyasi, lirudi kwenye begi, hata kama jaji ameshafika gari la pili kutoka lako.